Majani Mabichi Kwenye Kona

"Gari limeharibikia wapi, we mama?"

Faruk alishuka kwenye lori lake amefura, akaliruka rundo la majani na kutembea hadi alipoweza kuona ng'ambo ya kona. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na lori lililokatika ekseli wala basi lililopasuka tairi. Palikuwa na ukungu tu, na lami iliyoteremka kwenda Kasanga, ziwani.

Alirudi akifoka. "Hakuna gari! Nimebeba saruji, niko kwenye mteremko kama huu, halafu unanisimamisha kwa majani ya uongo? Una akili timamu wewe?"

Gaudiosa alikuwa na panga mkononi. Alimtazama usoni mpaka akamaliza maneno yake yote.

"Nenda, baba. Safari njema."

Faruk alitema mate, akapanda, akaondoka. Hakuwa wa kwanza kumtukana siku hiyo.

Kila dereva anajua kwamba akikuta majani mabichi barabarani, mbele kuna gari limeharibika, kwa hiyo apunguze mwendo. Ni alama inayoheshimiwa kuliko hata vibao vya serikali. Na Gaudiosa alikuwa akiitumia kudanganya watu kila siku tangu maharage yavunwe, tangu amzike Abeli, mtoto wake wa pekee, aliyegongwa kwenye kona hiyohiyo akitoka kuteka maji jioni. Gari halikujulikana, na dereva hakujulikana. Mama mwenyewe ndiye aliyemkuta mtaroni alfajiri, akambeba mgongoni hadi nyumbani kama alivyombeba alipokuwa mchanga. Hakutaka kuulizwa zaidi.

Kijiji kilimhurumia, kisha kikamchoka. Lakini tuseme ukweli, nani asingekasirika? Siku barabara ilipozinduliwa watu waliimbishwa juani, wakaambiwa lami hii inatuunganisha na Zambia na Kongo. Wakubwa wakala pilau, wakaondoka. Kuunganisha inaunganisha kweli. Mizigo inashuka bandarini, mingine inapanda, na wenye kona tunaachiwa moshi na makaburi. Hata kibao cha kusema hapa watoto wanavuka hakuna.

Mchana ule Mwenyekiti wa kijiji, mzee Ndalahwa, alipanda kilima akihema, koti amelifunga mpaka shingoni kwa sababu ya upepo.

"Mama Abeli, nimekuletea habari njema. Wamekubali! Wiki ijayo wanakuja kuweka matuta. Matuta ya maana, hapahapa. Hakuna lori litakalopita mbio tena."

Alitegemea vigelegele, au walau asante. Gaudiosa alilikita panga ardhini.

"Nani kawaomba matuta?"

"Si wewe? Si ndiyo maana unakata majani kila siku, ili wapunguze mwendo?"

"Hayo mmeyasema nyinyi. Mimi sijasema." Alilichomoa panga ardhini. "Kwenye tuta mtu anapita amekaa kwenye kiti chake, kioo kafunga, anasikiliza redio yake. Mtu hashuki kwa sababu ya tuta, Mwenyekiti!"

"Sasa ashuke afanye nini?"

Gaudiosa alikwenda kwenye mkaratusi, akakata tawi jingine, akaja kuliweka juu ya rundo.

Hapo Ndalahwa naye uvumilivu ukamwisha. Alikuwa amehangaika ofisi kwa ofisi kwa ajili ya mwanamke huyu, na malipo yake ndiyo haya. "Basi mimi nimenawa mikono! Polisi wamenipigia simu, madereva wamelalamika. Kesho ukiweka hata jani moja watakuja kukuchukua, na mimi sitakutetea. Kwanza hata kuyaweka hujui. Majani hutandazwa kidogokidogo, dereva ayaone kwa mbali. Wewe unayarundika mahali pamoja, nusu kwenye lami, nusu mtaroni, kama unafunika viazi!"

"Ndivyo yanavyokaa," alisema Gaudiosa.

Mzee alikuwa bado anatafuta tusi la kiasi, linalomfaa mwenyekiti, waliposikia lori likipanda kutoka upande wa ziwani. Lilipofika kwenye kona likafunga breki na kusimama mbali kidogo na rundo. Akashuka mwanamume wa makamo, sweta limempauka mabegani. Zamani alipita sana njia hii, lakini hawakuwa wamemwona siku nyingi.

Ndalahwa aliona aibu kabla hata hajatukanwa. Akamwahi. "Samahani sana, ndugu yangu. Mbele hakuna gari lililoharibika. Huyu mama amefiwa, tuvumilie tu."

Dereva hakuonekana kama amesikia. Hakutazama kwenye kona, wala hakuuliza habari ya gari. Alivua kofia, akasimama mbele ya majani.

"Umeona?" Ndalahwa alimnong'oneza Gaudiosa. "Kumbe si wote washenzi. Huyu ana adabu zake."

Gaudiosa alimshika mkono kwa nguvu mpaka mzee akanyamaza.

Dereva alipiga magoti ukingoni mwa mtaro. Akaanza kuondoa matawi, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kila alipoondoa tawi aliinama kutazama chini yake.

"Mwenyekiti," alisema Gaudiosa, macho hayabanduki kwa yule mtu, "Abeli nilimkuta amefunikwa majani, hivyohivyo. Sijawahi kumwambia mtu."