Mtunza Stoo wa Jumamosi

"Mayai! Ndani ya makaa!"

Sauti ya mke ilitoka chumbani, ikakata sebule, ikamfikia mume kibarazani alikokuwa akishona. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Mangapi?"

"Kumi na sita! Na juu yake buti la chuma. Moja! La pili nimelikuta kwenye mikate."

Mayai hayo hayakuwa ya kuliwa. Yalikuwa ndani ya kompyuta, kwenye mchezo wa kujenga kwa matofali ambao binti yao, muuguzi katika mji wa mbali, alimfundisha mama yake mwaka uliopita. Binti alikuwa amejenga nyumba ya mawe kilimani, akachimba chumba kirefu chini yake, akakijaza masanduku arobaini. Kisha akasema, "Mama, mimi kupanga sijui. Stoo nakuachia wewe."

Alijua anamwachia nani. Miaka thelathini na moja mama alitunza stoo ya kiwanda cha magodoro, na hakuna sponji wala kibunda cha uzi kilichowahi kumpotea. Kiwandani walimwita Mama Mahali-Pake.

Alistaafu Ijumaa. Jumamosi akaanza na jikoni. Vikombe alivipanga kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga kwa umri. Wiki ya tatu akahamia kibarazani, akapanga vitambaa vya mumewe kwa rangi, bila kujua kwamba vilikuwa vimepangwa kwa wateja. Bwana harusi mmoja akashonewa suruali ya kitambaa cha mapazia ya watu. Mume hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akashika tama, na hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko kelele yoyote. Alijifungia bafuni akalia, akijiona kama bidhaa iliyopitwa na tarehe ambayo hakuna anayethubutu kuitoa rafuni.

Juma lile lile mume alimpigia simu binti, wakaongea muda mrefu. Ndipo mchezo ukaja.

Ilimchukua mwezi mzima kujifunza kutembea bila kutumbukia mtoni. Ukuta wake wa kwanza aliujenga vizuri sana, akajikuta amejifungia ndani, ikabidi binti aje kumbomolea. Lakini masanduku hayakuhitaji mwalimu! Mbao karibu na mlango, mawe nyuma, vyakula kulia, na kila sanduku na kibao chake. Ukutani akaandika: TAFADHALI RUDISHA KITU ULIPOKITOA. UONGOZI. Alijicheka mwenyewe, maana uongozi ulikuwa yeye, na mfagizi pia yeye.

Tabu ilikuwa moja. Kila Jumamosi asubuhi alikuta vurugu mpya.

"Mwanangu," alimwambia binti siku hiyo ya mayai, sauti zao zikipitia kwenye kompyuta, "ulilelewa na mimi, au na kuku?"

Binti alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe, mama. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kuficha buti kwenye mkate?"

"Zamu zilinizidi."

Mama alipanga mpaka adhuhuri, akilalamika peke yake, na kati ya lalamiko na lalamiko akiimba. Mezani alimsimulia mumewe yote, sanduku baada ya sanduku.

"Lakini kibao cha makaa si kipo pale pale juu, upande wa taa?" mume aliuliza.

"Kipo! Haoni?" Akashusha pumzi. "Hebu nitazame, mwenzangu. Miaka sitini na moja, magoti yanalia nikiinama, na nagombana na mtu mzima kwa mayai yasiyokaangika. Nimechoka kufanywa mtumishi. Jumamosi ijayo namwambia atafute mtunza stoo mwingine."

Mume alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Usifanye hivyo," alisema alipopata sauti. "Mtoto ataumia."

"Na mimi siumii?"

"Jumamosi moja tu. Nakuomba."

Mke alimtazama. Mtu huyu aliogopa hata kufuta vumbi kwenye ile kompyuta. Siku zote alisema yeye na hiyo mashine wanasalimiana kwa mbali. Leo anautetea mchezo? Akaona ni huruma ya baba kwa bintiye, akaanza kukusanya vyombo. Moyoni, hata hivyo, alikuwa ameshaamua.

Jumamosi iliyofuata alitoka mapema kwenda kusukwa, akaaga kwamba saa nne kamili atakuwa amerudi kazini. Alikuta saluni imefungwa. Msusi alikuwa mgonjwa. Akageuza, na njia nzima akawa anatunga hotuba ya kujiuzulu. Aliipanga kama alivyopanga kila kitu: salamu kwanza, sababu katikati, shukrani mwisho. Alipofika getini aligundua sababu hazijazi hata nusu dakika, akaziongezea magoti.

Kibarazani hapakuwa na mtu. Cherehani ilikuwa kimya, suruali ya mteja ikining'inia kwenye sindano nusu imeshonwa. Kutoka chumbani alisikia binti akicheka.

Akavua viatu, akasogea, akausukuma mlango taratibu.

Mumewe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, utepe wa kupimia shingoni, miwani kwenye ncha ya pua, akibonyeza kwa kidole kimoja kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi sindanoni.

"Mbegu zote nimeshazimwaga kwenye sanduku la mapanga, mwanangu," alinong'ona. "Sasa niambie upesi, haya maboga niyafiche wapi ili agombe mpaka jioni?"