Kopo la Viwavi

Bomba alipiga magoti katikati ya kabichi za shemeji yake, akafungua kopo, akaanza kuwatoa viwavi mmoja mmoja. Aliwaweka juu ya majani kwa upole, kama mama anayelaza watoto.

"Kuleni," aliwanong'oneza. "Kuleni mpaka mpasuke."

Jua lilikuwa halijatoka. Kopo lilipokuwa tupu alirudi upande wake wa shamba, akainama tena, akaokota wengine. Mgongo ulimuuma. Suruali ilikuwa imelowa umande mpaka mapajani. Mtu mzima, mwenye duka lake la dawa za kilimo, anatambaa kwenye matope! Lakini aibu aliyokuwa anaikimbia ilikuwa kubwa kuliko ya matope.

Mashindano aliyaanzisha mama yake. Shamba lilikuwa la mama, ila aliyelilima ni mke wa mdogo wake Bomba, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Viwavi walipovamia kabichi, Bomba alikuja na lile bomba lake la kupulizia, lisilobanduka mgongoni, lililompa jina. Akamkuta shemeji ameshika kichupa kama cha dawa ya kikohozi.

"Nini hicho, shemeji?"

"Bakteria."

Bomba alicheka mpaka akashika uzio. "Yaani viwavi hawajakutosha, unaongeza na ugonjwa?"

"Ugonjwa wao, si wetu. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, tumbo lake linaharibika. Anaacha kula, halafu anakufa taratibu."

"Taratibu! Akishamaliza kabichi?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya shamba, anachambua maharage. Aliinua uso.

"Sisi zamani tulikuwa tunaokota kwa mkono," alisema. "Sijaona dawa iliyoishinda ile. Lakini mimi mgongo huu hauinami tena, na huyu na tumbo lake la miezi minane ataokota nini? Basi gawaneni shamba, nusu kwa nusu, kila mtu na dawa yake. Jumamosi nitakagua. Nitakayemkuta na viwavi, anamwachia mwenzake shamba lote."

"Mama, ungenipa leo tu tusipoteze muda," alisema Bomba. Shamba lile lilitazamana na barabara. Siku nyingi alikuwa ameshapima kwa macho mahali pa kusimika kibao cha duka lake.

Siku ileile alipulizia dawa kali kuliko zote dukani. Kesho yake viwavi walikuwa wanatafuna kama kawaida. Miaka yote wamepuliziwa dawa hiyohiyo, walishaizoea kama chumvi. Akapulizia tena. Wakanenepa.

Ndipo alipoliona lile kopo pale kwenye uzio. Lilikuwa safi, na kifuniko chake kimetobolewa matundu. Akalitazama kopo, akawatazama viwavi wake, akatazama upande wa shemeji. Akatabasamu peke yake. Akiwahamisha, kwake kunakuwa safi na kwa shemeji kunajaa. Kazi moja, faida mbili.

Tangu hapo kila alfajiri alikuwa anahamisha. Wale aliowaweka jana aliwakuta wamelala tu juu ya majani, hata akiwagusa hawasogei.

"Wameshiba hawa," alijisemea, akawaongezea wenzao, mpaka Alhamisi kwake wakaisha.

Mchana alipita kumchokoza shemeji. "Vipi, bakteria wako hawajambo?"

"Hawajambo, shemeji. Ila wana kazi nyingi kuliko nilivyotarajia."

Bomba aligeuka upande ili acheke vizuri.

"Na wewe mgongo una nini?" mama aliuliza. "Mbona unatembea kama bata?"

"Nimelala vibaya, Mama."

"Pole, mwanangu. Jioni njoo nikukande."

Jumamosi mama alishika fimbo yake, akaanza na upande wa Bomba. Aligeuza jani, akageuza lingine, akaenda mstari mzima. Hakukuwa na kiwavi hata wa kusingiziwa.

"Safi," alisema. "Safi kabisa. Utadhani mtu ameokota kwa mkono."

"Dawa hiyo, Mama," Bomba alijibu, kifua mbele.

Wakavuka upande wa pili. Bomba alikuwa ameshaandaa sura ya kumpa pole shemeji. Mama aligeuza jani. Hakuna kitu. Akageuza lingine. Kulikuwa na vitu vidogo vyeusi vimekauka, alipovigusa kwa fimbo vikadondoka. Mstari mzima ulikuwa hivyohivyo.

"Wako wapi?" Bomba aliropoka.

"Wako wapi akina nani?" mama aliuliza.

Bomba aliinua macho juu. "Ndege. Leo sijawasikia ndege."

Mama alimtazama kidogo, kisha akakohoa. "Haya, mmetoka sare. Shamba libaki kwa anayelilima. Ila nyanya za nyuma ya nyumba nazo zimeingiliwa na viwavi. Tutaamulia huko. Nusu kwa nusu, kama hapa."

"Huko sasa utanitambua, shemeji!" alisema Bomba. Akaondoka anapiga mluzi, mkono mmoja umeshika kiuno.

Shemeji alisubiri mpaka Bomba alipopotea kwenye kona.

"Mama, dawa iliyobaki inatosha nusu tu ya zile nyanya."

"Kwani kwenye kabichi ilitosha kiasi gani?" Mama alijishusha kwenye kiti polepole, akavuta ungo wake wa maharage. "Ila lile kopo uliloweka lilikuwa dogo, limemtesa mwanangu bure. Safari hii mwachie ndoo."