Sahani ya Saba

Siku hizi marehemu hurithiwa kwanza mikono. Mtoto wake mmoja huchomwa sindano viganjani, na kwa siku arobaini mikono yake hufanya kazi kwa mazoea ya mzazi, kisha mazoea hayo hufutika.

Mwanakombo alitaraji kurithi mapishi ya bokoboko la mama yake, Bi Mwanahawa, aliyelea vizazi vinne katika nyumba ile ya Tanga. Bokoboko alilipata, na jambo jingine asilolitaka. Kila jioni, walaji wakiwa sita, mikono ilipakua sahani ya saba, ikaiwekea nusu ndimu, ikaifunika kawa. Asiyekula bila ndimu alikuwa Mbwana, kaka yake, aliyeondoka miaka kumi na miwili iliyopita, Mwanakombo alipoapa kwamba hatakula naye tena. Alijaribu kuizuia mikono. Akaambulia kumwaga mchuzi.

Jioni ya arobaini na moja, mumewe Hatibu aliikuta kawa pale pale.

“Mazoea ya mama si yalifutika jana?”

“Yalifutika,” alisema Mwanakombo, akiitazama mikono yake kama ya mgeni. Kisha akaenda kuondoa komeo mlangoni.