Bawabu Aliyegonga Bila Kukoma

Kichuguu kimoja kilikuwa na bawabu aitwaye Chonjo, mchwa mwenye pua kali. Desturi yao ilikuwa hii: akinusa mgeni, hugonga ukuta kwa kichwa. Hapo askari hubomoa kuta kumsaka adui, na mafundi huziba kila tundu kwa udongo na mate. Hakuna anayepumzika mpaka bawabu anyamaze.

Siku moja mende mdogo akapenya. Chonjo akamnusa, akagonga. Askari wakabomoa, mafundi wakaziba, lakini mende hakuonekana. Harufu ilibaki palepale, basi Chonjo akazidi kugonga. Hakula, hakulala, kichwa kikamvimba.

“Kaka, pumzika kidogo,” fundi mmoja akamsihi. “Ukuta unanenepa. Malkia anakosa hewa.”

“Nikipumzika tumekwisha.”

Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akaifuata harufu mwenyewe. Akamkuta mende ndani ya ukuta uleule mnene, tumbo limemjaa, akilamba mate ya mafundi.

“Mbona umenyamaza, bwana?” mende akauliza kwa upole. “Hebu gonga. Usipogonga, mimi nitakula nini?”

Chonjo akamrukia, akamng’ata mpaka akafa. Kisha akarudi mlangoni, akatuliza kichwa chake, akangoja kimya kiingie.

Askari wakalala. Lakini nyuma yake udongo uliendelea kupakwa. Chonjo akapiga kelele kwamba mgeni amekufa, waache. Mafundi wa ukuta ule hawakugeuka. Kwa kuzoea kupaka, walikwishasahau kumsikiliza, na sasa walikuwa wanajenga kuelekea chumba cha malkia.