Sindano Kwenye Mfuko wa Rangi ya Chungwa

Nambari ilikuwa 7-0418. Lorne Petrie aliiandika kiganjani kwa kalamu ya wino, akapanda ngazi mbilimbili, maana lifti za hospitali ile zina maringo na yeye siku hiyo hakuwa na muda wa kuibembeleza lifti.

Nusu saa kabla, kwenye banda la taka nyuma ya jiko, alikuwa amenyanyua mfuko wa rangi ya chungwa autie kwenye pipa, kazi anayoifanya mara mia kwa siku. Mfuko huo ni wa bandeji, glavu na vitambaa vyenye damu. Sindano zina kopo lake gumu, haziruhusiwi humo kabisa. Lakini iliyokuwemo ilitoboa mfuko, ikatoboa glavu, ikamchoma kidole cha kati.

Una Baird, muuguzi anayetibu wafanyakazi, alimwosha kidole, akamchukua damu, kisha akaitazama ile sindano ambayo Lorne aliileta kwenye kikopo.

"Hii ni ya dawa ya kuzuia damu kuganda," alisema. "Wanapewa waliopasuliwa nyonga, wazee wasioinuka kitandani, wajawazito walioharibikiwa mimba mara kwa mara, wenye moyo mbovu. Yaani nusu ya jiji la Glasgow."

"Kwa hiyo nina nini?"

"Huna kitu bado. Tukimpata mwenye sindano akapimwa, leo hii utajua. Tusipompata, ni kusubiri miezi mitatu. Sasa kaa."

Kukaa hakuweza. Miezi mitatu ya kulala ukingoni mwa kitanda, ya kuogopa hata kumkatia mkewe mkate, ni miezi mingi mno. Tena kila mfuko hufungwa kwa kifungo chenye nambari ya wadi ulikotoka, na hii ilianza na saba. Wadi ya saba aliijua vizuri, kwa sababu Morven, mkewe, ndiko alikokuwa akigawa chai na kupiga deki.

Sista Ogilvie, mkuu wa wadi, alifungua daftari la dawa akamgeuzia. "Soma mwenyewe. Hapa leo hakuna mgonjwa hata mmoja anayechomwa hiyo."

"Basi ni mfanyakazi."

"Hilo umelisema wewe, bwana."

Lorne aliigeukia korido nzima. "Nani huyo anashindwa kutembea hatua tatu mpaka kwenye kopo? Ana miguu au hana?"

"Punguza sauti, kijana," mzee mmoja alimwambia kutoka kitanda cha dirishani. "Wenzio huku tunajaribu kufa kwa amani."

Morven alitoka chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, akaacha ndoo katikati ya njia, akamshika mumewe mkono. Uso ulikuwa umemparara.

"Kidole gani?"

"Cha kati. Ngoja nimpate huyo mjinga."

"Pengine alikuwa na haraka."

"Usimtetee, Mo. Mimi nyumbani naosha hata kifuniko cha mtindi kabla sijakitupa, halafu huku mtu anatupa sindano kama ganda la ndizi."

Hakuwa anajisifu bure. Nyumbani kwao mapipa ni manne, na hakuna kinachoingia humo asichokikagua. Zamani Morven alikuwa akimtania kwa hilo, siku hizi ameacha.

"Rudi kwa Una," alimwambia, akimsukuma kuelekea ngazini. "Nenda ukae huko, tafadhali."

Lorne aliumia. Kumtia hofu mwanamke aliyekwisha kulia vya kutosha kwa miaka minne katika chumba kilichopakwa rangi bure, na yote kwa uzembe wa mtu asiyemjua! Hakurudi kwa Una. Alikwenda famasia, hawakumsaidia. Akashuka bandani kuuangalia tena ule mfuko kana kwamba utasema, akatoka uani mvua ikamlowesha, akaingia tena. Mwenzake wa zamu alimpa mkate wa soseji, akaushika mpaka ukapoa, akaurudisha. Kila mtu aliyepishana naye kwenye korido, Lorne alimtazama vibaya, mapadri wawili wakiwemo.

Jioni ilipokaribia, miguu yenyewe ilimrudisha kwa Una.

"Ulikuwa wapi? Nimekupigia simu mpaka nimechoka," Una alisema. "Amejitokeza mwenyewe, muda mfupi baada ya wewe kutoka kule juu. Tumempima, hana kirusi chochote. Umesalimika, Lorne."

Hapo ndipo alipokaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alijifuta uso kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha hasira ikampanda upya, kwa kuwa hofu ilikuwa imeipisha njia.

"Yuko wapi? Nataka nimwone, anieleze ana kwa ana."

"Na yeye ameomba hivyohivyo. Amekataa nikwambie chochote." Una alisimama, akafungua mlango wa chumba cha ndani. "Ila usimpigie kelele. Hiyo ni amri."

Lorne aliingia akiwa amekunja ngumi.

Morven alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha vipimo, mkono mmoja umebana pamba, mwingine uko tumboni.

"Wiki ya kumi na nne," alisema. "Safari hii usipake rangi kile chumba mpaka nikwambie."