Upande Ilikotoka Sauti

Sauti ilitoka kushoto. Sahdan akanyoosha kidole kulia.

Ikatoka kushoto tena, karibu kabisa na bega lake. Akaonyesha kulia bila wasiwasi, kama mtu anayemwelekeza mgeni msikitini.

Nyuma ya kioo, Wardah, mpimaji wa masikio, aliingiza jibu kwenye kompyuta na kuendelea. Spika nane zilimzunguka yule bwana nusu duara, ya kwanza kushoto kabisa, ya nane kulia kabisa. Sauti zilikuwa ishirini na nne. Kazi yake ilikuwa kutazama mbele na kuonyesha kila moja ilikotoka.

"Amekosa tena?" aliuliza mkewe, Mahrita, aliyekaa kando ya Wardah na mkoba mapajani.

"Amekosa, mama."

"Andika. Nataka karatasi."

Tangu walipoingia kliniki ile ya mjini Banjarmasin asubuhi, mwanamke huyu hakuwa amemtazama mumewe usoni. Alimjazia fomu, akamkatiza kila alipotaka kujieleza. "Sikio la kushoto limekufa tangu matubwitubwi ya utotoni," alisema, "na miaka tisa ya ndoa hakuniambia. Tisa! Mimi namwita, haitiki, nadhani ana kiburi." Wardah alishawaona wanawake wa namna hiyo. Karatasi zao huishia kwa kadhi.

Sahdan alipotoka chumbani, Wardah alimpa jibu. Alikuwa amepata tatu, nazo za kubahatisha.

"Kwako kila sauti inatoka kulia, bwana. Si kosa lako. Kujua upande kunataka masikio mawili." Kisha, ili kupunguza uzito wa maneno, akatabasamu. "Namsikia mama anakuita Baba Atul. Atul ana miaka mingapi?"

Mahrita aligeukia dirishani.

"Alikuwa na sita," alisema Sahdan.

Ilikuwa kiangazi kilichopita, katika zile wiki za moshi wa misitu inayoungua. Alikuwa akimpeleka shule kwa mtumbwi, na moshi ulitanda mtoni hata ncha ya kasia haionekani. Gogo likawapindua.

"Aliniita, dada. Mara nne. 'Baba!' Nikaogelea kumfuata kwa nguvu zangu zote. Na kila aliponiita, sauti ilikuwa mbali zaidi."

Walimkuta upande wa kushoto, kwenye magugu maji.



"Mwenye masikio mawili je?" Sahdan aliuliza. "Angepata ngapi?"

Wardah alisita. Lakini karatasi za vipimo zilikuwa pale mezani, na yeye hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Karibu zote."

Sahdan alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokwisha kuijua. "Basi mtoto alihitaji mtu yeyote tu, asiwe mimi. Nililijua sikio langu, nikalificha kwa aibu, na bado nikampakia." Akamgeukia mpimaji. "Karatasi mpe Mama Atul. Afanye nayo atakalo."

Mahrita akasimama, akaweka mkoba kitini.

"Nipime na mimi."

"Mama, wewe huna tatizo. Masikio yako..."

"Mazima yote mawili, najua. Nipime, yeye asimame hapo kiooni aone."

Wardah aliona moyo wake unakataa. Akainama, akanong'ona: "Mama, tafadhali, usimfanyie hivi. Ameshaumia."

"Washa mashine yako, dada."

Mahrita aliingia, akaketi, akatazama mbele. Sahdan alisimama kiooni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kiboko.

Sauti ya kwanza ilitoka. Mahrita akaonyesha. Akakosa. Ya pili, akakosa. Kufika ya kumi Wardah alidhani mashine imeharibika. Aliingiza majibu kwa vidole vizito mpaka ya ishirini na nne.

"Amepata ngapi?" Sahdan aliuliza, pumzi yake ikitia ukungu kiooni.

"Sifuri."

"Na masikio yake yote mawili?"

"Sifuri, bwana."

Mahrita alitoka huku akijifuta jasho. Kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama mumewe usoni.

"Umeona? Ningekuwa mimi mle mtumbwini, ningeogelea huko huko ulikoogelea wewe. Basi, Baba Atul. Acha kujiua. Twende ukale, tangu jana hujatia kitu tumboni."

Sahdan aliketi sakafuni, palepale, akalia kilio ambacho hata makaburini hakukitoa. Mahrita alimwacha alie. Baadaye akamshika kwapani, akamwinua, wakatoka polepole, yeye akimsemesha kwenye sikio la kulia.

Karatasi aliisahau mezani.

Wardah alibaki peke yake. Alifungua ukurasa wa majibu ya Mahrita, akayapitia moja baada ya jingine. Sauti ilipotoka spika ya kwanza, Mahrita alionyesha ya nane. Ilipotoka ya pili, alionyesha ya saba. Ya tatu, akaonyesha ya sita. Hivyo hivyo mpaka sauti ya mwisho, hakukosea hata mara moja.