Sitini kwa Arobaini

"Sitini kwa arobaini!" Jovithe, fundi wa maji, alipiga kelele ndani ya simu ya Thabit mwenye duka. "Muoshe kwanza, safi kabisa! Kubwa sana, mutoe! Muchanganye muzuri! Ijumaa asubuhi nikikuta bado, bomba inaenda mutaa ingine!"

Laini ikakatika. Thabit alijaribu kumpigia tena na tena, lakini hakupatikana.

Radjabu, fundi wa magari ambaye mtaa ulikuwa umemkabidhi habari za kuletewa bomba la maji, alisikia yote akiwa mlangoni mwa duka kwa sababu Jovithe hakujua kusema polepole. Fatouma, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi minane na bado alikuwa akibeba bidoni za maji kutoka mto Ntahangwa. Juma lililopita aliteleza ukingoni akaanguka. Radjabu alimwapia kwa jina la Mungu kwamba mtoto atazaliwa maji yakiwa mlangoni.

"Sitini kwa arobaini ya nini?" Thabit akauliza.

Radjabu akamtazama kama mtu aliyelala usingizi vita vyote. "We hausikilizake redio?"

Redio mwaka ule haikuwa na wimbo mwingine. Amani ilikuja na hesabu zake: sitini kwa mia wa kabila hili, arobaini kwa mia wa kabila lile, na wanawake thelathini kwa mia. Mawaziri hivyo, wabunge hivyo. Basi na kamati ya kupokea bomba la mtaa wao, Buyenzi, ingeponea wapi?

Radjabu akachukua chaki, akaandika kwenye geti la gereji yake. Watu kumi. Sitini kwa mia ya kumi ni sita, arobaini kwa mia ni wanne. Wanawake watatu. Akajipongeza kimoyomoyo.

"Apana," alisema Mwantum, muuza mkaa, mikono kiunoni. "Hao bamama batatu batatoka upande gani? Kila upande ikuwe na thelathini yake."

Radjabu akafuta, akapiga upya. Thelathini kwa mia ya watu sita: mwanamke mmoja, nukta nane.

"Nukta nane ya mwanamuke ni nani?"

"Afrah," mtu akajibu kutoka nyuma ya majirani waliokusanyika. "Yeye ni mufupi."

Afrah akamrushia kiatu. Radjabu alijaribu ishirini, akajaribu thelathini, akajaribu arobaini, na kila mara mwanamke mmoja alibaki vipande. Geti lilikuwa jeupe kwa chaki alipofika hamsini. Thelathini huku, wanawake tisa. Ishirini kule, wanawake sita. Hakuna aliyekatwa. Kamati ya watu hamsini kwa bomba moja, lakini hesabu imekubali, utafanyaje?

Ikabaki kujua nani ni nani. Akaanza na mzee Yaseen, fundi cherehani.

"Mzee, we uko mu sitini ao mu arobaini?"

Mzee akasimamisha mguu juu ya pedali. "Mwaka wa tisini na tatu vijana balikuja na mapanga, bakaniuliza vilevile. Nikabaambia mi niko fundi wa nguo. Na we nakujibu ivyo."

Radjabu aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Mtaa wao ulipona kwa kukataa kulijibu swali hilo, na leo yeye analitembeza mlango kwa mlango kama muuza karanga. Akaapa hatamuuliza mtu tena. Akaamua nyumba za kushoto zitakuwa sitini, za kulia arobaini, na asiyeridhika ahame. Wa kulia walinung'unika siku nzima.

Alhamisi jioni wakajiosha. Watu hamsini, bidoni moja moja, sabuni ya kuazimana. Maji yote ya mtaa yaliisha, na Fatouma akashuka mtoni mara mbili zaidi, mkono kiunoni. Radjabu alimtazama akipanda na mzigo, akaenda kumpokea.

"Vumilia," akamwambia. "Kesho itaisha."

Ijumaa alfajiri akawapanga barabarani. Wakubwa sana wakatolewa, yaani Thabit peke yake, ambaye hata mlango wa duka lake alikuwa akiupita kwa ubavu, na jirani mwembamba akaingia mahali pake.

"Telefoni yangu!" Thabit akafoka. "Ujumbe umepita mu telefoni yangu, na mi ndio munatoa?"

Radjabu alikuwa ameshaanza kuchanganya. Alimweka wa kushoto kando ya wa kulia, akamvuta Mwantum mbele, akamrudisha mzee Yaseen katikati, akawazungusha wote tena mpaka hata yeye hakujua nani ametoka wapi. Wakasimama hamsini, wananukia sabuni, kanzu zimepigwa pasi. Fatouma aliketi kwenye kizingiti, mikono juu ya tumbo, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Pikapu ikaingia ikitimua vumbi. Jovithe akateremka na viatu vya mpira. Akasalimiana na watu wote hamsini mmoja mmoja, kwa adabu, ingawa macho yake yalikuwa yakitafuta kitu nyuma yao.

"Sitini kwa arobaini, patron," Radjabu akasema, kifua mbele. "Tumeosha, tumechanganya. Hata we mwenyewe hautabagawanya tena."

"Muzuri sana, mutaa yote imekuja kusaidia," Jovithe akasema, akishusha mfuko wa saruji kutoka kwenye pikapu. "Sasa ile kokoto sitini na muchanga arobaini, mumeimwanga wapi?"